Chai ya Watoto Nyumbani na Mpango Wake

Katika miji yetu ya mwambao, tangu Lamu na Mombasa hata Tanga, Bagamoyo na Unguja, si jambo geni wazazi kuwakusanya watoto nyumbani kwa chai ya jioni. Mtoto amekhitimu juzuu, au shule zimefungwa, au amerudi safarini kwa salama, au ni siku ya pili ya Idi: mama huteleka chai, hukaanga alicho nacho, na watoto wa majirani huitwa. Dasturi hii ni njema, nasi twaipenda. Watoto wanaokula mkeka mmoja hujuana, na waliojuana udogoni husaidiana ukubwani.

Lakini juu ya jambo hili twasikia malalamiko mawili. La kwanza ni la wasiokuwa na wasaa, wasemao kwamba karamu za siku hizi hazifanyiki ila kwa keki ya dukani, mapambo na vifurushi vya kupeleka nyumbani, nao hawana fedha hizo. La pili ni la wenye wasaa, ambao hutumia fedha zao na mwisho hawaoni raha. Mama mmoja wa mtaani kwetu alitujia chuoni akasema, "Mwalimu, watoto kumi wakiingia nyumbani kwangu huwa kama gulio. Wakisha kula hawana kazi ila kugombana. Nikiwapa simu hunyamaza wote, lakini hapo huwa kila mmoja yu peke yake. Nifanye nini?" Tukamjibu, "Bibi, wewe ulikipanga chakula, lakini wale watoto hukuwapangia jambo."

Maneno hayo ndiyo tunayotaka kuyaeleza hapa. Chai ya watoto haitaki fedha nyingi. Yataka mpango mdogo, na mpango wenyewe uwe na shabaha moja: kila mtoto apate kazi ya kufanya na nafasi ya kuheshimiwa, asiondoke hata mmoja hali amevunjika moyo. Wazazi wakiishika shabaha hii, mengine yote ni mepesi.

KUWAITA WAGENI

Mpango na uanze siku tatu kabla. Hesabu inayofaa nyumba ya kawaida ni watoto 8 hata 12, wa miaka 6 hata 11, na watu wazima 2 wa kuwaangalia. Wakizidi hapo, mama hugeuka askari, na furaha hupotea.

Katika kuchagua wa kuitwa, twawanasihi wazazi wahesabu kwa milango, wala wasihesabu kwa vyeo. Anza na mlango ulio karibu nawe, uende hata hesabu itimie. Mtoto wa tajiri aingie kwa kuwa ni jirani, na mtoto wa mchukuzi aingie kwa sababu hiyo hiyo. Yatima wa mtaa asisahauliwe. Mtume wetu (s.a.w.) amekikemea chakula cha karamu wanachoitiwa matajiri wakaachwa maskini. Ikiwa hayo yasemwa juu ya karamu ya watu wazima, basi mtoto aliyeachwa mlangoni akisikia vicheko vya wenziwe, uchungu wake ni mkubwa zaidi, kwani yeye hajui sababu.

Mwaliko upelekwe na mtoto mwenyewe kwa miguu yake na kwa kinywa chake. Hili ni somo la kwanza la karamu. Mfundisheni apige hodi, angoje ajibiwe, kisha aseme: "Shikamoo, bibi. Mama anakusalimu, na anaomba umruhusu Fatuma aje kwetu kesho baada ya sala ya Alasiri, tunywe chai. Tutamrudisha kabla ya Magharibi." Mtoto aliyeweza kuyasema hayo mbele ya watu wazima bila ya kuinamisha kichwa amekwisha faidika, ingawa chai yenyewe haijatelekwa.

Na katika salamu hizo liongezwe neno moja: kwamba hapana haja ya zawadi. Twalisema hili kwa sababu tumeona madhara yake. Palikuwa na karamu moja ambayo watoto waliambiwa waje na vifurushi. Vikafunguliwa mbele ya wote, kila kifurushi kikitajwa jina la aliyekileta. Mtoto mmoja alikuwa amekuja mikono mitupu. Alitoka akakaa ukumbini na viatu vyake mkononi mpaka karamu ikavunjika, na siku ya pili chuoni hakutaka kuketi na wenziwe. Hakuna aliyemtukana, na chakula alipewa. Lakini mtoto huona mambo ambayo sisi wakubwa hatuyaoni. Baada ya mwezi, mjane mmoja aliwaita watoto wale wale kwa chai ya mchaichai na vitumbua, hana kingine, naye akampa yule mtoto kazi ya kuwagawia wenziwe vikombe. Jioni ile mtoto alirudi kwao akiimba. Fedha ilikuwa kwenye nyumba ya kwanza, na raha ilipatikana kwenye nyumba ya pili.

WAKATI WAKE

Baina ya sala ya Alasiri na sala ya Magharibi, katika mwambao wetu, twapata kadiri ya saa mbili na nusu. Huo ndio wakati wa chai ya watoto. Jua limepungua ukali, chakula cha mchana kimeshuka, na usiku haujaingia. Tena Mtume (s.a.w.) ametuagiza kuwazuia watoto majumbani linapokuchwa jua, basi na kila mmoja awe kwao kabla ya adhana.

Twatoa ratiba hii kuwa mfano. Saa 10 kamili, kupokea wageni na kazi za mikono. Saa 10 na nusu, chai. Saa 11, michezo ya kukimbia na ya kukaa. Saa 11 na nusu, vitendawili na hadithi. Saa 12 kasoro robo, kusafisha na kuagana. Mama aiandike ratiba hii katika karatasi aibandike jikoni. Asiifuate kama sheria. Mchezo ukipendeza uachwe uendelee, na ukichosha uondolewe. Na simu zote, za wakubwa na za wadogo, zitiwe katika kikapu kimoja mpaka wakati wa kuagana, isipokuwa moja ya dharura.

KAZI YA KUWAPOKELEA

Watoto hawafiki pamoja. Huyu huja mapema, yule huchelewa, na wale wa mwanzo, wasipokuwa na kazi, huanza fujo. Kwa hiyo pawe na kazi ya mikono ambayo mtoto aweza kuiingia wakati wowote. Hapana nzuri kuliko ukuti wa mnazi. Kwa majani yake watoto wetu tangu zamani husuka saa ya mkononi, miwani, mpira na kititia kile kinachozunguka kwa upepo mtoto akikimbia nacho. Mwiteni babu au shangazi ajuaye aje awafundishe. Mtoto wa mjini asiye na mnazi aweza kutengeneza kititia kwa karatasi ngumu na chelewa ya ufagio. Kila mtoto aende nyumbani na alichokisuka, na hiyo ndiyo zawadi yake. Hakuna haja ya kifurushi cha dukani.

CHAI YENYEWE

Kabla ya kula, mikono ioshwe. Watoto wawili wapite na birika na bakuli, mmoja amimine maji na mwingine ashike kitambaa. Kisha waketi mkekani, wataje jina la Mwenyezi Mungu, wale kwa mkono wa kulia, na kila mmoja ale kilicho mbele yake. Adabu hizi Mtume (s.a.w.) alimfundisha Umar bin Abi Salama alipokuwa mtoto mkono wake ukitangatanga sahanini, wala hakumfokea wala hakumwondoa penye chakula. Alimfundisha hapo hapo wakila pamoja.

Ugawaji uanzie kulia. Na hapa twapenda wazazi wawasimulie watoto kisa kilichopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Sahl bin Saad. Mtume (s.a.w.) aliletewa kinywaji, akanywa. Kuliani kwake alikuwapo kijana mdogo, na kushotoni kwake walikuwapo wazee. Akamwomba yule kijana ruhusa awape wazee kwanza. Kijana akajibu kwamba fungu lake litokalo kwa Mtume hatamwachia mtu yeyote. Mtume akakitia kile chombo mkononi mwake. Tazameni, enyi wazazi: haki ya mtoto ilikuwa ni mnywo mmoja tu, nayo haikuchukuliwa bila ya idhini yake, ingawa waliokuwa wakingoja ni wazee. Basi katika chai yetu mtoto asiambiwe, "Wewe ngoja, huyu ni mwana wa fulani." Na yule anayewamiminia wenziwe awe wa mwisho kunywa, maana hiyo nayo ni sunna.

Kuhusu chai, jueni kwamba majani ya chai yakikolea si mazuri kwa watoto. Yana vitu vinavyouzuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo katika chakula kama mboga na maharagwe, na mtoto anayahitaji madini hayo kwa damu yake. Basi majani yawe machache, na chai iwe mbali na chakula kikubwa. Au iachwe kabisa, wapewe mchaichai uliochemshwa, au maziwa yaliyotiwa tangawizi na iliki. Sukari nayo ipunguzwe. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, limeshauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu tunazozipata katika chakula cha siku nzima, na ni bora isizidi asilimia 5. Kitumbua kikiwa kitamu, chai haina haja ya kuwa tamu sana.

Kwa watoto 10, nusu kilo ya mchele inatosha vitumbua. Urowekwe usiku, asubuhi usagwe kwa tui la nazi, utiwe hamira, iliki na sukari kidogo, uachwe uumuke, kisha ukaangwe. Kando pawekwe ndizi mbivu, vipande vya papai au embe, na maji ya kunywa. Yanatosha hayo. Mwenye mbaazi au viazi aongeze, na asiye navyo asikope.

Mambo mawili ya hatari yaangaliwe sana. La kwanza ni chai ya moto: birika lisiwekwe mkekani wala juu ya kitambaa ambacho mtoto aweza kukivuta. Mtu mzima aipoze jikoni kwanza, ndipo watoto wagawiane. La pili ni vitu vya kusakama kooni. Watoto walio chini ya miaka 5 wasipewe njugu nzima, wala peremende ngumu, wala ubuyu wenye kokwa. Tena wazazi waulizwe mapema kama mtoto wao adhurika na chakula chochote. Wako watoto ambao njugu kidogo tu huwatia mashakani.

MICHEZO

Michezo iwe ya namna tatu: ya miguu, ya mikono na ya ulimi. Mtoto dhaifu wa mbio aweza kuwa hodari wa mkono, na asiye hodari wa mkono aweza kuwa bingwa wa maneno. Ukichagua namna moja tu, utawatukuza wale wale siku zote.

Ya miguu ichezwe uani: kibe, yaani kujificha na kutafutana, kuruka kamba, au kupokezana kititia kwa mbio. Iko michezo ambayo mwenye kukosa hutolewa akae kando. Katika michezo hiyo, mnyonge hukaa muda mrefu kuliko wote, naye ndiye mwenye haja zaidi ya kucheza. Dawa yake ni nyepesi: aliyetoka afanywe mhesabu au mwamuzi, na mchezo uwe mfupi ili arudi upesi.

Ya mikono ichezwe kivulini. Mdako hauna gharama: shimo dogo mchangani, au duara la chaki sakafuni, na kokoto 10 au 12. Mtoto hurusha kokoto moja juu na kuzikusanya nyingine kabla haijashuka. Bao nalo lafaa. Bao la Kiswahili la wakubwa lina mashimo 32 na kete 64, na sheria zake ni nyingi. Lakini watoto wachimbiwe mashimo machache, wapewe komwe, wajifunze kwanza kuhesabu na kusambaza kete.

Uko na mchezo mwingine ambao kila jiko linaweza kuuandaa. Twaa vikombe 5: kimoja utie iliki, cha pili karafuu, cha tatu mdalasini, cha nne tangawizi, cha tano mchaichai. Pilipili usitie. Mtoto hufungwa macho kwa kanga, hunusa, kisha hutaja. Au weka sinia lenye vitu 12, kama ufunguo, kijiko, kifungo na ganda la chaza, uwaache watoto watazame kwa kadiri ya dakika moja, kisha ulifunike. Wagawanyike makundi mawili, kila kundi likumbuke kwa pamoja. Mtoto mwenye haya, ambaye hawezi kujibu peke yake mbele ya watu, humnong'oneza mwenziwe, na jibu lake huwa limelisaidia kundi.

Mtoto mwenye ulemavu asiachwe nyumbani kwao kwa kuhurumiwa. Asiyeona atawashinda wengi katika kunusa, katika vitendawili na katika hadithi. Asiyeweza kukimbia ana mdako na bao. Na asiyesikia vizuri aketishwe mbele ya msemaji, amwone midomo.

Ya ulimi iwe ya mwisho, jua likipungua na miili ikichoka. "Kitendawili!" "Tega!" Anzeni na vile vya zamani, kama nyumba isiyo na mlango, ambayo ni yai, na yule anifuataye popote niendapo, ambaye ni kivuli. Waliokosa jibu watoe mji, kwa dasturi yetu, na hapo watoto hujifunza majina ya miji: huyu atampa mwenziwe Pemba, yule atampa Kilwa. Kisha waambiwe watunge vyao kwa vitu walivyoviona siku ile. Mtoto mmoja tuliyemsikia alisema, "Bwana wetu ana pua ndefu wala hanusi, akiinama, twafurahi." Jawabu lilikuwa birika la chai.

Baada ya hapo bibi wa nyumba, au nyanya aliyezoea kukaa peke yake chumbani, aletwe aketi kitini katikati. "Paukwa!" "Pakawa!" Asimulie hadithi moja fupi. Watoto watapata hadithi, na mzee atapata watu wa kumsikiliza, jambo ambalo katika nyumba nyingi limekuwa adimu.

Mashindano yakiwapo, tuzo iwe moja ya wote: sahani ya kashata ambayo kundi lililoshinda huwagawia walioshindwa kwanza, kisha wao wale. Watoto hulistaajabu jambo hili mara ya kwanza. Mara ya pili hulidai wenyewe.

KUSAFISHA NA KUAGANA

Robo saa ya mwisho ni ya kazi. Wavulana na wasichana wote wafanye: huyu akusanye vikombe, yule akung'ute mkeka, mwingine afagie majani ya ukuti. Mvulana asiseme kwamba kufagia si kazi yake, Bibi Aisha alipoulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kwamba alikuwa akiwahudumia watu wa nyumba yake.

Vilivyobaki visitupwe. Vitiwe katika sahani, na watoto wawili wavipeleke kwa mzee au mgonjwa wa mtaa. Kisha kila mtoto amshukuru mwenye nyumba kwa kinywa chake, na mtoto wa nyumba asimame mlangoni amuage kila mmoja kwa jina lake. Asimsahau hata mmoja. Jioni ile, mama amwulize mwanawe jambo moja tu: "Nani leo hakucheka?" Akimtaja mtu, huyo ndiye wa kuitwa kwanza safari ijayo, na ndiye wa kupewa kazi ya heshima.

Ndugu zetu wazazi, sisi tunaofundisha huwa na watoto wenu saa chache tu kwa siku. Twaweza kuwahifadhisha na kuwaeleza adabu, lakini adabu hutiwa mazoezini penye sahani, kikombe na jirani, na hayo yako majumbani mwenu. Msingoje fedha. Twaeni siku moja mwezi huu, mkeka mmoja, mchele nusu kilo na watoto wa milango ya karibu, mjaribu. Mwenyezi Mungu awakuze watoto wetu katika mapenzi na kheri, na azitie baraka nyumba zenu. Amin.